Kabla ya Geto: Vijana wa Kyela Waliojenga Kijiji Chao na Wana

Kila ikifika Juni, Mbeya mjini panapoa mpaka maji ya kuoga yanakuwa adui. Hapo ndipo safari za Matema zinapoanza. Washkaji wanachanga hela ya mafuta, mmoja anaomba gari ya mdingi, mwingine anabeba hema na spika, halafu safari inashuka Tukuyu huku masweta yakivuliwa moja baada ya jingine. Mbeya mjini ni zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, wakati ufukwe wa Ziwa Nyasa uko kwenye mita 475 hivi. Yaani unashuka tu, na joto linakuja lenyewe kukupokea.

Njiani kuna kumpitia mwana wa Kyela mjini, kuna kula wali wa Kyela kwa mama wa mwana wa Ipinda, na Jumamosi kuna mnada wa vyungu pale Lyulilo, vyungu vya akina mama wa Kikisi. Usiku hema zinasimama kwenye mchanga chini ya Milima ya Livingstone, samaki wanachomwa, stori zinapigwa mpaka alfajiri. Bata safi kabisa.

Halafu Jumatatu hiyoo, kila mtu na mishe zake.

Sasa sikia hii. Kwenye ardhi hiyo hiyo, miaka tisini tu iliyopita, kambi ya washkaji ilikuwa haiishi Jumatatu. Ilikuwa inadumu maisha yote.

Dogo wa miaka 10 anahama nyumbani

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mtoto wa kiume kuanzia miaka sita hivi alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa baba yake. Akifika miaka 10 au 11, fimbo ya kuchungia aliwaachia wadogo zake, yeye akashika jembe. Na siku hizo hizo alihama kwa wazazi. Hakufukuzwa wala hakugombana na mtu. Ulikuwa ndio utaratibu.

Alihamia wapi? Kwa wana. Madogo kumi au kumi na mbili hivi wa rika moja walijijengea vibanda vyao pembeni ya kijiji cha baba zao. Mwanzoni vilikuwa vya kitoto kweli, wanalala wengi kwenye kibanda kimoja. Kadiri walivyokua, walijenga nyumba za maana, za mianzi. Madogo wengine waliofikisha umri walizidi kujiunga. Wale waanzilishi walipofika miaka 16 mpaka 18, mlango ulifungwa: madogo wapya waliambiwa wakaanzishe chao. Ndiyo maana kila kijiji kilikuwa na watu waliopishana miaka michache tu.

Tofauti na geto la Sinza au Mabatini, hapa hapakuwa na mwenye nyumba wala mkataba. Na hukukaa pale ukisubiri maisha yaanze. Pale ndipo ulipooa, ukazaa, ukazeekea, ukiwa na majirani wale wale mliojenga nao kibanda cha kwanza. Watoto wako nao wakifika miaka 10, waliondoka kwenda kuanza chao.

Msosi kwa zamu

Kulala walilala kwao, lakini kula? Waliendelea kulima shamba la baba na kula kwa mama. Ila hakuna aliyekwenda kula peke yake. Walikwenda kundi zima: leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mtoto aliyezoea kurudi nyumbani kula mwenyewe aligombezwa na wazazi wake mwenyewe. Wenzako wako wapi? Hilo ndilo swali lililomkuta mlangoni.

Jambo hili lilikuwa na jina: *ukwangala*. Ni ile raha ya kuwa na wenzako, kula pamoja, kunywa pamoja, kupiga stori. Lakini kwa Wanyakyusa halikuwa jambo la starehe tu. Waliamini adabu na akili mtu anazipata kwa wenzake wa rika, kwenye maongezi, na kwamba anayejitenga anabaki mjinga.

Haya yote yaliandikwa na wanandoa watafiti, Godfrey na Monica Wilson, walioishi Unyakyusa kati ya 1934 na 1938. Mwaka 1951 Monica alitoa kitabu kuhusu vijiji hivi, akakiita *Good Company*. Majina ya wale madogo wenyewe hayafahamiki kwa wengi. Kilichobaki ni walichokijenga.

Kwa nini wasikae na wazazi?

Sababu moja ilikuwa heshima. Mkwe wa kike hakuruhusiwa hata kumwangalia baba mkwe. Wakikutana njiani, binti anakwepa. Sasa nyumba moja mngekaaje? Pia wazee walikuwa na wake wengi, baadhi wakiwa na umri wa kijana wao, na hofu ya kijana kumnyemelea mke mdogo wa baba yake ilikuwepo. Umbali ulilinda amani.

Ikifika wakati, mara moja tu kwa kila kizazi, lilifanyika tukio kubwa liitwalo *ubusoka*. Wazee waliwakabidhi vijana ardhi na utawala. Mioto ya zamani ilizimwa, ukawashwa mpya. Hapo ndipo kambi ya madogo ilipokuwa nchi kamili, yenye viongozi wake.

Lakini tusidanganyane

Ukisoma mpaka hapa unaweza kutamani kurudi enzi hizo. Tulia kwanza, uliza nani alikuwa anapika.

Kundi la vijana wenye njaa likiingia kwa mama yako, jungu hilo ni la mama yako. Na wasichana hawakuwa na kijiji chao. Wengi waliposwa wakiwa bado wadogo na kuolewa wakibalehe tu, mara nyingi na wanaume waliowazidi umri kwa mbali. Walichopata ni muda wa kuwekwa ndani kwenye sherehe za unyago, wakiwa na marafiki zao wa kike, kabla ya kwenda kwa mume. Kijana wa kiume yeye alisubiri mpaka miaka 25 hivi ndipo apate ng'ombe za mahari, kwa sababu ng'ombe walikuwa mikononi mwa wazee.

Hata wana wenyewe hawakuwa salama. Mchoyo, anayechinja akala na familia yake tu, aliogopa manung'uniko ya majirani. Watu waliamini kwamba pumzi za wanakijiji wenye kinyongo zinaweza kumpa mtu homa. Tuhuma za uchawi zilianzia hapo hapo, kati ya majirani, na aliyetuhumiwa angeweza kuhama na kuacha kila kitu. Kukaa na wana ilikuwa raha, na ilikuwa presha.

Kambi ilivunjikaje?

Taratibu. Vijana walianza kwenda kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, wengine mpaka migodi ya shaba na Afrika Kusini. Walirudi na hela zao wenyewe. Kahawa ilishika milimani, na mpunga wa kuuza huku bondeni. Mtu akishapanda mikahawa na kujenga nyumba ya tofali, hawezi kuacha ardhi eti rika jipya linaingia. Watu wakaongezeka, ardhi ikabana, kila mzazi akataka shamba libaki kwa mwanawe. Monica Wilson aliporudi mwaka 1955 alikuta mambo yanabadilika. Leo ukienda Kyela utakuta kakao na mpunga. Kijiji cha rika utakisikia kwa wazee tu.

Ila mpeleke mgeni nyumbani kwa Mnyakyusa akiwa peke yake, uone kama hataulizwa wenzake wako wapi.

Haya mdau, kwenye kundi lenu la WhatsApp, ni wangapi ungekubali kujenga nao kijiji na kuzeeka nao? Na msosi ungepikwa na nani? Dondosha komenti hapo chini.