Zero na sifuri ni ndugu

Sisi waandishi wa programu tuna tabia moja ya ajabu: katika lugha nyingi za kompyuta, kitu cha kwanza kwenye orodha hupewa namba 0, si 1. Sasa kuna watu wanaoniambia kwamba Kiswahili hakifai kwa kompyuta kwa sababu maneno yake mengi ni ya kukopa. Haya basi, leo tulichunguze neno moja tu la Kiingereza, "zero", tuone lilitoka wapi.

Mwaka 628 huko India, Brahmagupta aliandika kanuni za kujumlisha, kutoa na kuzidisha kwa sifuri. Kwa Kisanskriti iliitwa "shunya", yaani tupu. Hesabu hizo zilifika Baghdad, ambako al-Khwarizmi aliziandikia kitabu katika karne ya 9. Kwa Kiarabu, tupu ni "sifr".

Ulaya ilichelewa. Leonardo wa Pisa, maarufu kama Fibonacci, alizisoma hesabu hizi Afrika Kaskazini alikofanya kazi baba yake. Mwaka 1202 aliandika kitabu kwa Kilatini, na "sifr" ikawa "zephirum". Si wote waliofurahi: mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence kilikataza wanachama wake kuandika tarakimu hizo katika daftari zao. Lakini zilishinda. Waitalia wakalifupisha neno likawa "zero", Wafaransa wakalichukua, na Waingereza wakalipata kwenye miaka ya 1600 hivi.

Kumbe walikuwa nalo tayari! "Sifr" ileile ilishawafikia kwa njia nyingine, ikaitwa "cipher". Mwanzoni ilimaanisha sifuri, kisha tarakimu yoyote, mwishowe maandishi ya siri. Leo ujumbe wako unapofichwa kwenye intaneti ili mwizi asiusome, mbinu inayotumika bado huitwa hivyo.

Na sisi? Tulilipokea kutoka kwa Kiarabu chenyewe, bila kuzunguka Ulaya: sifuri. Kiingereza kilikopa neno moja mara mbili na hakuna anayekicheka. Nyani haoni kundule. Basi tukihitaji neno la kompyuta tukope bila haya, tulitamke kwa ulimi wetu, kisha tuendelee na kazi.