Marco Bortolami: Kutoka unahodha wa Italia hadi ukocha wa Benetton

Tangu Italia ijiunge na michuano ya raga ya Mataifa Sita mwaka 2000, timu yake ya taifa imenolewa na makocha wakuu kutoka New Zealand, Ufaransa, Afrika Kusini, Ireland na Argentina. Katika kipindi hicho chote, hakuna Mwitaliano aliyeiongoza katika michuano hiyo. Kwa sababu hiyo, safari ya Marco Bortolami, nahodha wa zamani aliyepanda ngazi hadi kuwa kocha mkuu wa klabu ya Benetton ya mjini Treviso, ina uzito unaozidi mafanikio ya mtu mmoja.

Bortolami alizaliwa Padova, kaskazini mashariki mwa Italia, mwaka 1980, na kuanza kucheza katika klabu ya mji huo, Petrarca. Alikuwa mchezaji wa safu ya pili, nafasi ya watu warefu wenye nguvu, ambao husukuma katika skramu na kuinuliwa juu kuudaka mpira unaporushwa kutoka pembeni. Ni kazi inayohitaji pia akili ya kusoma mipango ya wapinzani, na hapo ndipo alipojipatia sifa.

Mechi yake ya kwanza ya kimataifa aliicheza barani Afrika: dhidi ya Namibia, mjini Windhoek, Juni 2001. Mwaka uliofuata, akiwa amevuka kidogo tu umri wa miaka 20, kocha John Kirwan alimkabidhi unahodha. Akiwa nahodha, Februari 2007 aliiongoza Italia kuishinda Scotland 37-17 mjini Edinburgh. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Italia ugenini katika Mataifa Sita. Miezi saba baadaye, katika Kombe la Dunia nchini Ufaransa, Scotland ilijibu mapigo kwa kushinda 18-16, na Italia ikaikosa robo fainali kwa alama mbili tu.

Mwaka 2008 kocha mpya, Nick Mallett, alimvua unahodha na kumpa Sergio Parisse. Bortolami hakuipa kisogo timu. Aliendelea kuitumikia kama mchezaji wa kawaida hadi mwaka 2015, akafikisha mechi 112 za kimataifa. Katika ngazi ya klabu alipitia Narbonne ya Ufaransa, Gloucester ya Uingereza, ambako pia alipewa unahodha, kisha akarejea nyumbani kuzichezea Aironi na Zebre.

Alistaafu kucheza mwaka 2016 na mara moja akajiunga na Benetton kuwafundisha wachezaji wa mbele, chini ya Kieran Crowley kutoka New Zealand. Mwaka 2019 Benetton ilikuwa klabu ya kwanza ya Italia kufika hatua ya mtoano ya ligi ya Pro14, ikitolewa na Munster kwa 15-13. Hata hivyo, mafanikio hayo hayakudumu. Msimu wa 2020/21 ulimalizika bila ya Benetton kushinda hata mechi moja ya ligi hiyo.

Wengi walikuwa wamekwisha kuikatia tamaa pale mambo yalipogeuka. Katika mashindano mafupi ya Rainbow Cup yaliyofuata, Benetton iliongoza kundi la kaskazini, na tarehe 19 Juni 2021 ikaicharaza Bulls ya Afrika Kusini 35-8 katika fainali iliyochezwa Treviso. Crowley aliondoka kwenda kuifundisha timu ya taifa, na kiti chake akakalishwa Bortolami.

Katika uongozi wake, Benetton ilifika nusu fainali ya kombe la pili kwa hadhi barani Ulaya, Challenge Cup, mara mbili mfululizo. Mwaka 2023 ilifungwa na Toulon 23-0. Mwaka 2024 ilifungwa 40-23 na Gloucester, klabu yake ya zamani, kwenye uwanja aliokuwa akiuchezea mwenyewe. Msimu huohuo ilimaliza ya saba katika ligi inayojumuisha klabu za Ireland, Wales, Scotland, Italia na Afrika Kusini, kisha ikapambana na Bulls mjini Pretoria katika robo fainali na kushindwa 30-23.

Matunda ya kazi hiyo yalionekana pia katika timu ya taifa. Mwaka 2024 Italia ilitoka sare ya 13-13 na Ufaransa, ikaishinda Scotland 31-29 na Wales 24-21. Nahodha Michele Lamaro na Tommaso Menoncello, aliyechaguliwa mchezaji bora wa michuano hiyo, wote walikuwa wachezaji wa Benetton. Kocha wa taifa alikuwa Gonzalo Quesada wa Argentina, lakini wachezaji wengi aliowategemea walinolewa kila siku na Bortolami.

Bortolami aliachia ukocha mkuu wa Benetton mwishoni mwa msimu wa 2024/25, baada ya miaka minne katika nafasi hiyo na tisa katika benchi la ufundi la klabu. Kwa miaka hiyo amethibitisha kwamba Mwitaliano anaweza kuiongoza klabu ya nyumbani na ikaheshimika Ulaya. Lililobaki ni uamuzi wa shirikisho la raga la Italia: lini litamwamini mmoja wa wana wa nchi hiyo kuongoza timu ya taifa.