Siti hakuwa na Svengali

Nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa nasoma riwaya nilizozikwepa nikiwa chuo, na kuna jambo limenikaa rohoni.

Waandishi wa Ulaya wa karne ya 19 walipenda sana kubuni wanawake waimbaji, hasa wa opera. Lakini hebu tazama walivyowamaliza. Consuelo wa George Sand (1842-43) anakuja kupoteza sauti katika kitabu kinachofuatia. Alcharisi, katika Daniel Deronda ya George Eliot (1876), anamtoa mwanawe alelewe na mtu mwingine ili yeye aimbe. Alipoona sauti inaanza kumsaliti, akaacha jukwaa akaolewa. Trilby wa George du Maurier (1894) ndiye kiboko: hajui kuimba kabisa mpaka bwana mmoja, Svengali, amteke akili. Svengali anakufa, sauti inakwenda naye, na muda si mrefu Trilby naye anamfuata.

Sasa turudi nyumbani Tanga. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, naye aliandika habari za mwimbaji, ila yeye hakumbuni. Alizungumza na Siti binti Saad kabla bibi huyo hajafariki mwaka 1950, kisha akaandika Wasifu wa Siti binti Saad.

Na maisha yale yalikuwa riwaya tosha. Binti wa Fumba, Unguja, aliyepewa jina la Mtumwa, akauza vyungu mjini, akaishia kuitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri za Kiswahili. Walimu alikuwa nao, wapigaji pia, lakini sauti ilikuwa yake. Aliitumia hata kusimulia dhuluma: katika Kijiti, mwanamke anauawa na muuaji anatoroka.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu nina deni. Mwaka jana, hapa Ngamiani, bibi mmoja aliyeimba taarabu ujanani aliniambia, "Mjukuu wangu, njoo na hicho kidude chako cha kunasa sauti, nikupe ya zamani." Nikamwambia Jumamosi. Ikaingia kazi ya gazeti, Jumamosi ikawa ya mwezi wa pili yake. Nilipokwenda nilikuta turubai na watu wamekaa matanga.

Tanga hii ndiyo ya Black Star na Lucky Star. Shakila, aliyeimba na Black Star, alifariki mwaka 2016. Wenzake waliobaki wanahesabika. Tukiwaacha, atakuja mtu awabuni apendavyo, awaue ukurasa wa mwisho.

Shaaban Robert aliwahi. Mimi nilichelewa. Wewe je, kwenu nani anangoja Jumamosi?