Vipuri na zana za dharura katika gari kuukuu la dizeli (Unguja)

Vipuri na zana za dharura ni spea, spana, maji, oili na vikorokoro ambavyo dereva hubeba garini ili gari likiharibika njiani aweze kulirudisha barabarani, au angalau kulifikisha gereji, bila kusubiri mtu. Makala haya yanahusu magari ya dizeli ya zamani ambayo pampu yake ya mafuta haiendeshwi na kompyuta, kama yanavyotumika kisiwani Unguja: Toyota Land Cruiser za injini ya 1HZ, Hilux na HiAce za 2L na 3L, Canter na Dyna za mizigo na abiria, na Land Rover chache zilizobaki.

Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi. Kutoka Mji Mkongwe hadi Nungwi ni kama kilomita 60, na hadi Makunduchi ni kama 65. Kwa sababu hiyo wengi huona jeki na tairi la akiba vinatosha. Hesabu hiyo inasahau bahari. Mafundi na maduka ya spea yako mjini, hasa upande wa Ng'ambo, na anayekwama shamba jioni hana duka la kukimbilia. Spea isiyopatikana mjini huagizwa Dar es Salaam, kwenye maduka ya Gerezani, Kariakoo, ikavushwa kwa boti. Isipopatikana huko, husubiriwa kutoka Dubai au Sharjah. Kipande cha mpira chenye bei ya chakula cha mchana kinaweza kulilaza gari siku tatu. Kwa hiyo swali la kwanza la anayepanga sanduku lake ni hili: kitu gani hakitengenezeki kwa mkono njiani, na hakipatikani mpaka kivuke maji?

Kinacholilaza gari la dizeli

Injini ya dizeli haina cheche. Ile aliyoiunda Rudolf Diesel mjini Augsburg, Ujerumani, na kujaribiwa kwa mafanikio mwaka 1897, iliwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, na kanuni hiyo haijabadilika. Katika 1HZ hewa hubanwa zaidi ya mara 22 kabla nozeli haijapuliza dizeli. Injini ya namna hii ikishawaka haihitaji umeme mwingi: inataka mafuta safi, hewa, na kupozwa. Hapo ndipo orodha nyingi za vitabu vya magari zinapompotosha dereva wa Unguja. Zimeandikwa kwa nchi za baridi, na cha kwanza kutajwa huwa plagi za hita, zile zinazopasha moto chumba cha mwako asubuhi. Hapa, ambapo hata alfajiri ya kipupwe ni nadra joto kushuka chini ya nyuzi 20, plagi mbili zikifa gari litatoa moshi na kukorofisha kidogo, lakini litawaka. Waliozizoea waziweke mwisho wa orodha. Cha kwanza ni mafuta.

Hewa na maji katika mafuta

Fundi wa zamani akiambiwa gari la dizeli limezimika taratibu, likatetemeka kisha likakata roho, huuliza jambo moja: limeingia hewa? Pampu ya dizeli hubana kimiminika. Ikipata povu, inabana povu, na nozeli hazipulizi kitu. Hewa huingia kwenye mpira wa mafuta wenye ufa mwembamba kama unywele, kwenye klipu iliyolegea, au, katika Toyota nyingi za umri huo, kwenye pampu ya mkono iliyo juu ya filta, ambayo mpira wake wa ndani hukauka kwa miaka na kuanza kunyonya hewa bila kuvujisha hata tone. Uvujaji usioonekana ndio unaomchosha dereva kuliko wowote.

Kwa hiyo sanduku la gari la dizeli huanza na vitu vinne: filta mpya ya dizeli, mita moja ya mpira wa mafuta wa kipimo cha gari lenyewe, klipu sita au zaidi, na, kwa anayeweza kuipata, pampu ya mkono nzima ya akiba. Filta haichoki kwa kilomita tu. Mtu akijaza dizeli ya madumu kijijini, filta inaweza kuziba kabla hajarudi mjini. Hatari hapa ni maji kuliko mchanga: hewa ya pwani ina unyevu, tangi lisilojaa hutoa jasho ndani usiku, na dumu lililokaa nje wakati wa masika haliachi kuingiwa na matone. Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini ya filta, na filta nyingi zina kikombe huko chenye boliti ya kutolea. Dereva aifungue boliti hiyo kila wiki katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, aache kimiminika kitiririke kwenye chupa ya maji tupu, aangalie kwenye mwanga. Dizeli na maji haviungani; mstari kati yake huonekana wazi kama mafuta ya nazi juu ya mchuzi.

Kazi ya kutoa hewa yenyewe inastahili kuonyeshwa hatua kwa hatua, kwa kuwa ndiyo inayowarudisha wengi nyumbani. Chukua gari lililozimika kwenye barabara ya Jozani, chini ya miti. Kwanza fuata mpira wa mafuta kwa kidole kuanzia tangi hadi filta, ukitafuta sehemu yenye ubichi au vumbi lililoganda kwa mafuta. Kaza klipu, au kata kipande kibovu na uweke kipya. Kisha bonyeza pampu ya mkono juu ya filta. Mwanzoni huwa laini, inarudi haraka kama chapati ambayo haijaiva. Endelea, mara 30, mara 50, mpaka iwe ngumu na isiingie tena. Ugumu huo ndio ishara kwamba mafuta yamefika. Sasa mwingine awashe stata. Likikataa, legeza nati ya bomba la nozeli moja, spana namba 17 kwa Toyota nyingi, nusu mzunguko tu, na stata ipigwe tena kwa sekunde chache. Povu litatoka, likifuatwa na dizeli safi inayotema kwa mapigo. Kaza nati hiyo, hamia ya pili. Mara nyingi injini huwaka ukiwa kwenye nozeli ya tatu, kwa kishindo na moshi mweupe. Usiweke mkono mbele ya dizeli inayoruka: nguvu yake hupenya ngozi, na jeraha hilo ni la hospitali.

Kuna jambo la umeme linalofanana sana na hewa na si hewa. Nyuma ya pampu nyingi za mzunguko kuna solenoidi ndogo inayofungua njia ya mafuta swichi ikiwashwa. Waya wake ukikatika, au fyuzi ikiungua, injini huzima papo hapo, bila kutetemeka. Washa swichi na usikilize karibu na pampu: ukisikia "tik" moja, solenoidi iko hai. Usiposikia, waya wa mita moja na nusu wenye vibanio viwili, kutoka chanya ya betri hadi kichwa cha solenoidi, utalifikisha gari mjini. Kwa kazi unayoweza kufanya, hakuna spea ya bei ndogo kuliko waya huo.

Mkanda, mpira wa rejeta na maji

Mkanda wa feni huzungusha feni, pampu ya maji na alteneta. Ukikatika, sindano ya joto hupanda ndani ya dakika chache. Katika Hilux na HiAce za 2L na 3L kuna hatari nyingine ambayo wenye magari wengi hawaijui: pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya alteneta. Mkanda ukikatika, breki haifi, lakini huwa ngumu kama jiwe, na dereva aliyezoea kugusa tu hujikuta anakanyaga kwa mguu mzima na gari bado linakwenda.

Mkanda wa akiba ulio bora si mpya. Ni ule ulioutoa mwenyewe ukiwa bado mzima siku ulipoweka mpya, kwa sababu huo unajulikana unaingia. Mikanda mingi mipya imelala kwenye buti za magari ya Unguja miaka na miaka, na siku ya siku ikaonekana imepungua sentimita mbili. Kanuni hiyo inafaa kwa kila kitu kilichomo sandukuni: kijaribiwe garini siku ya amani.

Mkanda wa taimingi ni habari nyingine. Katika 1HZ na katika injini za 2L na 3L ni wa mpira, na ukikatika, vali hugonga pistoni. Haubebwi wala haubadilishwi njiani. Hubadilishwa kwa wakati wake, kila kilomita 100,000, na mwenye gari lililonunuliwa mtumba asiamini namba ya dashibodi.

Maji ya rejeta yanataka uangalifu wa pekee. Kisiwa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi kidogo au magumu yenye chokaa. Chokaa hiyo huganda ndani ya rejeta kama inavyoganda ndani ya birika. Beba lita tano za maji matamu kutoka nyumbani, na kamwe usitie ya bahari, hata iwe mita tatu kutoka ulipokwama. Mpira wa juu wa rejeta na klipu zake ni vya kubeba. Mpira uliopasuka kidogo hufungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli uliovutwa kwa nguvu, na kifuniko cha rejeta kikaachwa robo wazi ili presha isipande. Kifuniko hicho hakifunguliwi injini ikiwa moto.

Tangi au bomba la dizeli likitoboka kwa jiwe, chukua sabuni ya mche, iliyokauka vizuri, uisugue ndani ya tundu mpaka lishibe. Dizeli haiyeyushi sabuni upesi, na kiraka hicho hushika mpaka mjini. Mabaharia wa pwani hii wamebeba pamba na mafuta tangu zamani ili kutia kalafati jahazi likivuja. Dereva mwenye kipande cha sabuni yuko katika ukoo huohuo wa ujuzi.

Chumvi na umeme

Upepo wa bahari hula kila kiungio cha shaba. Gari linalokataa kupiga stata Unguja, nusu ya tatizo huwa kutu nyeupe kwenye vichwa vya betri au kwenye waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Kipande cha msasa, spana namba 10 na kopo dogo la grisi vinatosha kutibu. Ongeza fyuzi za kila rangi, taa ya kupimia umeme, na nyaya nene za kushtua betri. Tahadhari moja: Canter nyingi, na baadhi ya Dyna na Land Cruiser zilizotoka Japani, hutumia volti 24, betri mbili kwa mfululizo. Usiziunganishe moja kwa moja na gari la volti 12.

Matairi, mchanga na bamvua

Jeki huzama mchangani. Dereva wa Paje, Kendwa au Michamvi hubeba ubao mgumu, sentimita 30 kwa 30 hivi, wa kuweka chini yake; bila ubao huo jeki ni chuma tu. Nati za tairi hushikana kwa kutu, kwa hiyo zifunguliwe na kufungwa tena kila baada ya miezi michache, na bomba la kurefushia spana liwemo. Kipima upepo na pampu ni vya lazima: tairi lililoshushwa hadi paundi 18 au 20 hutoka mchangani pale ambapo watu sita wameshindwa kusukuma, lakini lazima lijazwe tena kabla ya lami. Wakati wa bamvua maji hupanda karibu mita 4 kati ya kupwa na kujaa. Aliyekwama ufukweni aulize kwanza wavuvi maji yanajaa saa ngapi, ndipo afungue sanduku.

Zana

Zana si nyingi. Spana za ringi na mdomo wazi kuanzia 8 hadi 19, pamoja na boksi spana ndogo. Namba 10, 12, 14 na 17 ndizo zinazofanya karibu kazi yote ya Toyota. Bisibisi mbili, plaizi, kisu, nyundo ndogo, waya wa kufungia, taipu nyeusi, tochi ya kuvaa kichwani, kamba nene ya kuvutia. Oili lita mbili, aina ya 15W-40, na chupa ya mafuta ya breki. Kizimamoto cha unga kikae karibu na dereva, si chini ya mizigo. Vingine vyote viingie kwenye gunia au ndoo yenye kifuniko, visigongane na kulia kwenye matuta.

Barabarani

Gari likizimika, pembetatu ya tahadhari iwekwe mbali nyuma yake, hatua 50 au zaidi, hasa kwenye kona za njia ya mashariki ambako vespa na bodaboda hupita bila taa. Wengi hutumia matawi ya miti, na si vibaya kama hakuna pembetatu. Pamoja na matawi huwekwa mawe ya kuzuia magurudumu, na hapo kuna kosa linaloua: gari likishawaka, kila mtu hurukia ndani kwa furaha, mawe yakabaki katikati ya lami. Anayekuja usiku kwa pikipiki hayaoni. Kabla hujaondoka, yatoe mawe yote barabarani.