Bepari wa Mji Mkongwe

Yako maneno ambayo mtu hayaelewi barabara mpaka ayatembelee yalikokaa. Neno bepari ni mojawapo. Lilitoka Bara Hindi, na katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja lilikuwa jina la kazi tu, kama mvuvi au mwashi. Bepari aliuza chini, aila yake ikaishi ghorofani. Hundi na laki ni maneno ya asili hiyohiyo. Merikani, nayo, ni nguo ya pamba iliyoletwa na merikebu za Salem, Massachusetts.

Mtembezi aanzie Forodhani, palipotozwa ushuru. Katikati ya karne ya 19 Sultani hakuukusanya mwenyewe. Aliukodisha kwa nyumba ya Jairam Shivji, ikamlipa kiasi walichoafikiana kila mwaka, na ziada ikawa faida yake. Baadaye kazi hiyo ilishikwa na Tharia Topan. Ndiye aliyemkopesha Tippu Tip mali ya misafara. Naye Tippu Tip, ambaye nyumba yake ingali Shangani, aliyasimulia maisha yake kwa Kiswahili. Wapenzi wa nathari wakisome kitabu hicho, ingawa kinatisha: vita na biashara vinasimuliwa kwa sauti moja tulivu, na pembe zinahesabiwa kwa frasila.

Mikopo hiyo ndiyo iliyoufunga mtaa huu na bara. Nguo na shanga zilikwenda. Pembe zikarudi, na watu pia, waliouzwa Mkunazini hadi soko lilipofungwa mwaka 1873. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba neno bepari lilionewa liliposhushwa hadhi.

Lilishushwa kwa haraka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, wenyewe wakahama. Tanzania Bara, Azimio la Arusha la 1967 liliutaja ubepari kuwa ndugu wa unyonyaji. Miaka miwili baadaye ikatoka tafsiri ya Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare: Mabepari wa Venisi. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere akamtia katika wingi, tena kwa neno lililokwisha kuwa shutuma. Angeweza kusema tajiri, ambalo kwa Kiarabu lilikotoka ni mfanyabiashara tu.

Leo mwenye duka Darajani ukimwita bepari atakununia. Ukimwita tajiri, huitika.