Mimea inayovuta madini, na mchicha wa nyuma ya kibanda

Wiki iliyopita mfanyabiashara mmoja wa vyuma chakavu aliniuliza: "Bwana shamba, nasikia kuna mmea unaovuta dhahabu kwenye bodi za simu mbovu. Mbegu zake zinauzwa wapi?" Nyuma ya kibanda chake ana rundo la bodi, na pale anapochoma nyaya apate shaba pameota mchicha mzuri kweli. Nimeona nimjibu hapa, maana habari yenyewe si uongo mtupu.

Tuanze na majirani zetu wa Katanga, Kongo. Huko kuna mmea mdogo wa ukoo wa mrehani, Haumaniastrum katangense, unaostawi kwenye udongo wenye shaba nyingi, ambako mimea mingi hushindwa. Wataalamu wa mambo ya kale waliyafuata maua yake wakakuta mabaki ya tanuru za wafua shaba wa karne nyingi kabla ya wakoloni. Moto ulishazimika zamani, shaba ilikuwa bado ipo ardhini.

Ila kuvumilia madini ni jambo moja, kuyanywa ni jingine. Mwaka 1948 Waitaliano wawili, Minguzzi na Vergnano, walipima majani makavu ya Alyssum bertolonii wakakuta nikeli kama asilimia 1. Mwaka 1976 ukatangazwa mti wa New Caledonia wenye utomvu wa rangi ya kijani na buluu. Utomvu huo ukikauka, karibu robo yake ni nikeli! Miaka ya 1990 Wamarekani wakajaribu kulima mmea wa nikeli kama zao: unavuna, unakausha, unachoma, madini yanabaki kwenye majivu. Albania nako wamejaribu mashambani.

Dhahabu ndiyo ngumu. Mwaka 1998 watafiti wa New Zealand waliifanya haradali ya India ivute dhahabu, lakini ilibidi kwanza watie kemikali kwenye udongo, kwa sababu dhahabu haiyeyuki kwenye maji ya kawaida na mzizi haunywi kisichoyeyuka. Kemikali ya namna hiyo ukiimwaga shambani inaweza kushuka hadi kisimani. Kwa hiyo mbegu ya kupanda juu ya rundo la bodi hakuna.

Kinachonisumbua zaidi ni ule mchicha. Mboga za majani nazo hunywa metali, hasa kadmiamu, na vumbi la majivu yenye risasi hung'ang'ania kwenye majani. Mvua za msimu mmoja haziondoi kitu hapo. Kumbuka tanuru za Katanga. Nilimshauri aung'oe, asiuuze wala asiwape mbuzi, bustani aihamishie mbali, bodi aziuze nzima, na nyaya azimenye kwa kisu badala ya kuzichoma.

Kuhusu nyaya alikubali. Jana nilipopita, mchicha ulikuwa umeshachumwa.