Buluu, Dhahabu na Usonji
Rangi ya kampeni huonekana jambo dogo. Lakini nikifuatilia historia ya rangi za usonji, narudi kwenye swali moja: nani aliulizwa?

Nembo ilitangulia rangi. Mwaka 1963, chama cha wazazi jijini London, ambacho leo kinaitwa National Autistic Society, kilichagua kipande cha fumbo la picha chenye mtoto anayelia ndani yake. Gerald Gasson aliyekibuni alikuwa mzazi. Mtoto alionekana fumbo, hakuulizwa.

Mwaka 2005 shirika la Autism Speaks lilianzishwa Marekani, na kipande chake kikawa cha buluu. Baada ya Umoja wa Mataifa kuitenga Aprili 2 kuwa siku ya usonji, shirika hilo likahimiza majengo yawashwe taa za buluu. Wakosoaji wakahoji: huko buluu ni rangi ya wavulana, je, wasichana? Hoja hiyo ina uzito. Kati ya watoto 11 ambao Leo Kanner aliwaeleza mwaka 1943, wanane walikuwa wavulana, na wasichana wengi wamechelewa kutambuliwa.

Baadhi ya wenye usonji walijibu kwa nyekundu. Wengine walichagua dhahabu, kwa kuwa alama yake ya kikemia, Au, ndiyo herufi mbili za mwanzo za jina la usonji kwa Kiingereza.

Kwa Kiswahili mchezo huo wa herufi haupo. Basi tusiazime hata dhahabu kabla ya kuwauliza wenye usonji wa kwetu.